Mwezi Mpevu na Nyumba Iliyotoroshwa

Wako akina mama wanaomficha binti chumbani wakatia komeo. Wako wanaompeleka kwa shangazi yake mji wa mbali, wakasema amekwenda kujifunza cherehani. Mama Saroeun wa Prek Romduol hakutaka usumbufu wa namna hiyo. Yeye alimficha Chanthou pamoja na nyumba nzima: paa lake, jiko lake, kuku kwenye tundu lao linaloelea, vyungu vya maua barazani, na Bibi Pok, mama yake mzazi, aliyekuwa amelala usingizi wa mchana akaamka na kuikuta dunia imehamishwa.

Prek Romduol ni kijiji kilichokaa juu ya ziwa la Tonle Sap, nyumba zote zimepanda mianzi na mapipa, na kuhama kwao ni kama kwa wengine kufagia uwanja. Maji yakipanda wanasogea, yakishuka wanayafuata. Kwa hiyo mchana ule wa sikukuu ya mwezi, Mama Saroeun alipomwita Mzee Nhep mwenye boti la kuvuta nyumba, jirani mmoja tu ndiye aliyeuliza kulikoni. Mama alisema maji yanashuka. Bibi Pok akachungulia alama kwenye nguzo, akatafuna tambuu yake, akasema maji hayajashuka hata ukucha. Mama akajibu kwamba yatashuka tu, na mwenye akili hangoji mwizi afike mlangoni ndipo atafute fimbo.

Chanthou alikuwa amekaa barazani akichambua pepeta ya sikukuu, mpunga mchanga walioukaanga na kuutwanga jana, bado unanukia shamba. Hakuinua uso. Mwizi huyo alimjua kwa jina, kwa sauti, na kwa ile tabia yake ya kukuna kidevu kila alipotafuta neno.

Jina lake Vireak, mwenye duka dogo la picha mjini Battambang. Maharusi na picha za paspoti ndizo zilizomlisha. Mwezi ndio uliomtia wazimu. Mwaka jana alikuja Prek Romduol kwa mara ya kwanza akaomba baraza lao, kwa kuwa lilitazama mashariki bila kizuizi. Akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akangoja mwezi mpevu utoke majini, akapiga. Baraza linaloelea halitulii hata paka akipita. Picha zikatoka na mwezi uliovurugika kama kiini cha yai, na chini yake mwezi wa majini umevurugika zaidi. Mwanamume mwingine angelaumu kamera. Yeye alizitazama, akacheka mpaka akashika mbavu, na Chanthou aliyekuwa akimletea chai akajikuta anacheka naye, na chai ikamwagika, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, yaani yalipoanza kutengenea.

Tangu hapo akawa anakuja kila mwezi ukijaa. Akagundua ulingo wa zamani wa mtego wa samaki, ng'ambo ya nyumba yao, ambao nguzo zake zimezama kwenye tope na hautikisiki. Juu ya ulingo ule alimfundisha Chanthou kushika kamera. Alimwambia mwezi ni taa kali ingawa unajifanya mpole. Ukiipa kamera nafasi italionea giza huruma, na mwezi utatoka tundu jeupe lisilo na uso. Upime mwanga kwa mwezi wenyewe, alisema, na upige mapema, mbingu zikiwa bado zina rangi, mwezi ukingali na miguu majini. Hapo ndipo wa juu na wa chini wanapotazamana. Alipokuwa akimwonyesha pa kushika, kidole chake kiligusa cha Chanthou, na wote wawili wakaendelea kuzungumzia mwanga kwa muda mrefu bila mmoja wao kujua anasema nini.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na katika nyumba ya vyumba viwili yanasikika mpaka jikoni. Mama Saroeun aliyasikia. Kosa la Vireak lilikuwa moja, nalo lilitosha. Alikuja kumposa Chanthou yeye mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, peke yake. Mara ya kwanza Mama alimpa chai na kujifanya hakusikia. Mara ya pili hakumpa chai. Alimwambia kwamba katika nchi hii mwanamume hajiposei kama anayenunua ndizi. Hutuma watu wazima wakae kwenye mkeka wakamsemee. Vireak akakuna kidevu. Watu wa kumtuma hakuwa nao. Alilelewa na watawa hekaluni tangu akiwa mdogo, na watawa hawaposi. Hakuwa na hata mjomba wa kuazima.

Wakati huohuo yupo Heng, mjane mwenye jino la dhahabu, mchuuzi wa samaki wa kuchachushwa, ambaye harufu yake hufika siku moja kabla yake na kuondoka siku tatu baada yake. Heng alikuwa na wajomba wa kutosha kupakia boti. Walikuwa wamekwisha kuja mara moja, wakala, wakasifu, na kesho asubuhi, sikukuu ikiisha, wangekuja kuchukua jibu. Mama hakuwa amesema ndiyo. Alikuwa anangoja usiku mmoja tu upite, usiku wa mwezi mpevu, kwa kuwa Vireak alikuwa mchumba wa kalenda. Siku ya kuja kwake ilijulikana hata na bata. Asipoikuta nyumba leo, kesho Chanthou atakuwa ameshatolewa.

Chanthou alijua haya yote. Mzee Nhep alipofunga kamba na nyumba ikaanza kuteleza, alimwomba mama yake kwa upole wasubiri hata kesho. Mama alisema hazungumzi na mtu huku anahama. Nyumba ikapita mbele ya majirani wote, kuku wakipiga kelele, Mama akiwa amesimama barazani kama nahodha, akimsimamisha kila mwenye dirisha na kumwapisha kwamba asifungue mdomo wake kumwambia mtu walikokwenda. Wakaapa. Nyumba ikaingia kwenye mfereji ulio nyuma ya msitu uliozama, ikakunja kona, ikafungwa kwenye miti miwili. Mtumbwi wao mdogo Mama akampa Mzee Nhep auvute aende nao, ili Chanthou asije akapata cha kupigia kasia. Mzee Nhep akaondoka mbio kwenda kutazama mashindano ya mitumbwi huko mtoni, na sauti ya injini yake ikafa mbali.

Kukawa kimya. Ndege wa majini walirudi kwenye matawi wakawatazama kama wapangaji wapya.

Chanthou alitandika mkeka, akapanga vya sikukuu kama kila mwaka: miwa miwili iliyoinamishwa ikawa upinde, chini yake meza, juu ya meza pepeta, ndizi mbivu, madafu, mishumaa na ubani. Mikono ilifanya kazi, moyo ulikuwa kwenye ulingo. Alimwona waziwazi: anafika, anafunga boti, anasimamisha kamera, anageuka, na mahali pa nyumba pana maji matupu. Alikuwa amemwambia kwamba ni mwezi huu tu, katika mwaka mzima, ambapo mwezi mpevu huchomoza sawasawa mkabala wa ulingo ule. Mwezi mwingine wowote huchomozea pembeni. Amengoja mwaka. Atafikiri amekimbiwa, na atafikiri aliyekimbia ni yeye, Chanthou.

Mama Saroeun alitoka ndani amevaa blauzi yake ya hekaluni. Akaketi kwenye mkeka, akageukia mashariki kuungoja mwezi.

Mashariki kulikuwa na miti. Miti mirefu, minene, imesimama ndani ya maji bega kwa bega kama watu waliopanga foleni ya daktari.

Mama akainamisha kichwa kushoto. Miti. Akainamisha kulia. Miti. Bibi Pok alikuwa akimtazama huku taya zikienda polepole.

"Saroeun," alisema, "mwaka huu tunausalimu mwezi gani? Wa kwenye kalenda ya ukutani?"

Mama alisema utatoka. Bibi akakubali kwamba utatoka, ukishapanda juu ya miti, uko juu utosini kama shilingi iliyorushwa. Lakini watu wa Prek Romduol wanausalimu ukingali na miguu majini, kwa sababu shukrani ni ya wote wawili, mwezi na maji, na mwezi ukishaacha maji ni sawa na kumshukuru mgeni akiwa ameshavuka kizingiti. Mama akazidi kuikodolea macho miti. Yeye ndiye aliyemfundisha Chanthou hayo, na Bibi ndiye aliyemfundisha yeye.

Na mwaka huu haukuwa mwaka wa kuruka. Masika yaliyopita Bibi Pok alilala hoi kwa homa, mpaka majirani wakaanza kunong'ona habari za sanda. Mama Saroeun alikaa kando ya kitanda chake, akaweka nadhiri kwa sauti, mbele ya watu: mama yangu akiinuka, pepeta ya kwanza ya mwaka nitaitoa kwa mwezi na maji kwa mkono wangu mwenyewe. Bibi akainuka. Akainuka vizuri mno, akaanza kumtania daktari. Deni la namna hiyo halichelewi.

Ndipo Chanthou alipomwona mama yake akifanya jambo ambalo hakuwahi kuliona. Alisimama, akashika upondo, akauchomeka kwenye tope na kuisukuma nyumba. Nyumba ya mianzi na mapipa, yenye mawe ya kusagia na mtungi wa maji. Haikutingishika. Akasukuma tena mpaka blauzi ya hekaluni ikalowa mgongoni. Chanthou akachukua upondo wa pili akasimama kando yake, wakasukuma pamoja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yao yakagusana. Mbingu juu ya miti zilikuwa zimeanza kuwa za zambarau.

"Mama," Chanthou alisema, "tumuombe nani atusaidie?"

"Mtumbwi nimeutoa mwenyewe," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeutoa mwenyewe, mwanangu."

Walipotulia kupumua ndipo waliposikia injini. Injini mbovu, ya kikohozi cha mbuzi mzee, na Chanthou alihisi damu imemkimbilia masikioni, maana kikohozi kile alikijua. Boti dogo likakunja kona limejaa magugu maji puani, na ndani yake Vireak, begi la kamera limening'inia kifuani kama mtoto mchanga.

Baadaye alieleza alivyowapata. Aliwauliza majirani, na majirani walikuwa wameapa kutofungua mdomo, basi hawakufungua. Walionyesha kwa mdomo uliofumbwa, waliusogeza tu upande wa msitu, nyumba baada ya nyumba, wote wamechongoa midomo kama samaki. Shangazi Lim alitumia upawa. Na inasemekana hata mbwa wake alinyoosha pua. Tena nyumba ikipita katikati ya magugu maji huacha barabara yenye upana wa nyumba. Kipofu angeifuata.

Lakini wakati ule hakueleza kitu. Alizima injini, akakutanisha viganja, akainamisha kichwa kwa Bibi, kisha kwa Mama. Macho yake yakamfikia Chanthou yakakaa hapo kidogo, na ndani ya kidogo hicho mlikuwa na swali lote. Chanthou akatikisa kichwa polepole: si mimi. Akaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyeweka chini gunia.

Vireak alitazama meza. Alitazama upinde wa miwa, pondo mikononi mwa wanawake, ukuta wa miti. Akakuna kidevu.

"Shangazi, mwezi umeshaanza kuchungulia pale nje," alimwambia Mama Saroeun kwa heshima. "Bado una miguu majini. Nipe kamba niivute nyumba."

Mama akamtazama kama anayesikia bei. "Na boti hilo?"

"Dogo, lakini lina haya. Halitakubali kuaibika mbele ya watu."

"Na picha yako?" Chanthou aliuliza. Hakukusudia kuuliza kwa sauti.

"Picha ipo tu," Vireak alisema, akijishughulisha na kamba. "Itakuja mwezi mwingine."

Haikuwa kweli, na Chanthou alijua, na yeye alijua kwamba Chanthou anajua. Kila dakika aliyokaa hapa, picha ya mwaka mzima ilikuwa inachomoza kule kwenye ulingo bila mtu. Chanthou amesikia wanaume wakiapa kwa mbingu na kwa makaburi ya babu zao. Uongo ule mdogo uliosemwa huku mtu anafunga fundo ulimwingia moyoni kuliko viapo vyote.

Mama akautazama tena ukuta wa miti. Kisha akasema, "Kamba nzuri iko kule nyuma, karibu na kuku."

Vireak alimpa Chanthou begi la kamera lisilowe. Injini ikakohoa, ikapaliwa, ikashika. Nyumba ikalia kila mahali inapoweza kulia, mianzi, misumari, masufuria, halafu ikaachana na miti. Mama alishika upondo upande huu, Chanthou ule. Bibi Pok alipewa kijiti akakitumia kuipiga miti iliyokaribia, akiitukana mmojammoja kwa jina. Walikwenda mwendo ambao kobe angeomba wapishwe. Wamefika kona, wamepinda, tawi limechukua nguo moja iliyoanikwa, wakaliachia iwe sadaka, na mdomo wa mfereji ukafunguka mbele yao.

Mwezi ulikuwa hapo.

Ulikuwa mkubwa, wa rangi ya papai lililoiva, umejitoa majini mpaka magotini. Chini yake mwezi wa pili ulilala ziwani ukiwa umenyooshwa na viwimbi, ukawa njia inayokuja moja kwa moja mpaka barazani kwao. Mbingu hazijafa, bado zina zambarau na ukingo wa waridi. Mama Saroeun alishusha upondo.

Na hapo injini ikafa. Magugu maji yalikuwa yamejisokota kwenye rafadha. Vireak alivua shati akajitosa. Yeye ni mtu wa nchi kavu. Aliingia majini kama mfuko wa chumvi, akaibuka na gugu kichwani mithili ya kilemba, maji yamemfika mabegani, akaanza kuchambua nyuzi kwa vidole. Nyumba ilisogea taratibu ikaegemea ukuta wa magugu, ikatulia. Upepo nao ukakata. Kwa muda mfupi hapakuwa na kitu juu ya ziwa kilichotikisika.

Chanthou aliona. Hakufikiri, alifungua begi. Miguu mitatu ya kamera ilibaki botini, akatafuta pa kuegemeza, na Bibi Pok akamwambia aweke hapa, begani. Akaiweka. Bibi, ambaye tambuu yake haijawahi kusimama tangu siku alipoolewa, alisimamisha taya. Akazuia na pumzi.

Chanthou alipima mwanga kwa mwezi wenyewe, kama alivyofundishwa. Giza likaomba huruma, akalinyima. Kwenye kioo uso wa mwezi ukatokea, na madoa yake, na yule sungura ambaye wazee husema anakaa huko. Na chini, mwezi wa majini ulikuwa unavunjikavunjika, kwa sababu Vireak alikuwa anasogea na kila akisogea mawimbi yanakwenda.

Vireak aligeuza kichwa, akaiona kamera imemwelekea. Alielewa. Akaganda. Alisimama majini kama korongo, mikono imeachia rafadha, kidevu juu ya maji, bila kupepesa, ili maji yatulie. Maji ya jioni ni ya baridi, na ruba wa Tonle Sap hawana likizo ya sikukuu. Mmoja alionekana akimpanda bega kwa starehe zake. Hakumwondoa. Viwimbi vikapungua, vikawa mikunjo, vikawa hariri, na mwezi wa chini ukajikusanya kipande kwa kipande ukawa mzima.

"Mpige, Chanthou," Mama Saroeun alisema nyuma yake, polepole, kana kwamba sauti nayo ingetikisa maji. "Mpige sasa. Kijana analiwa."

Chanthou akabonyeza.

Hawakungoja injini. Mama alishusha nanga palepale, mdomoni mwa mfereji, akawasha mishumaa na ubani. Vireak aliyepanda barazani anatiririka alipewa shuka kavu, na Bibi akamtoa ruba kwa mate ya tambuu, akimwambia ruba huyu ametangulia kuoa. Wote wanne wakapiga magoti kwenye mkeka, viganja vimekutana. Mama alishukuru kwa sauti. Alishukuru kwa maji yaliyopanda na kwa samaki yaliyowaleta, kwa mpunga, kwa pumzi ya mama yake iliyorudishwa. Akaomba radhi kwa kila takataka waliyoitupa ziwani. Kisha akanyamaza, na Chanthou akadhani amemaliza, kumbe anatafuta neno. "Na kwa kamba," Mama alisema. "Na kwa aliyeivuta."

Katika sikukuu hii watu hulishana. Anayelishwa huinua uso kuutazama mwezi, na anayelisha humjaza kinywa pepeta na ndizi mpaka mashavu yawe ngoma. Mama alimlisha Bibi. Alimlisha Chanthou. Akachota konzi ya tatu, akakaa nayo mkononi, punje zikimponyoka kati ya vidole. Vireak alikuwa ametazama sakafu, asiombe wala asiondoke.

"Inua uso," Mama akamwambia.

Akamjaza kinywa kama anayeziba tundu la mtumbwi. Vireak akafumba macho, na machozi yakamtoka, huenda kwa pepeta. Alikuwa bado anatafuna Bibi Pok alipoegemea goti lake, akainuka, akakata mkeka kwa hatua zake za bata, kutoka upande wa wenyeji mpaka upande wa wageni. Akaketi kando ya Vireak. Akapanga shuka yake. Akakohoa kikohozi cha wazee waliotumwa.

"Hodi hapa," alisema.

Mama Saroeun akamtazama. "Mama, rudi ukae. Ndizi zimekulewesha."

"Mama yako simjui. Mimi ni mgeni, nimetoka mbali, na tangu nifike sijaona hata chai. Ndivyo mlivyo wa nyumba hii?"

Chanthou alihisi moyo wake umesimama kama taya za Bibi muda ule. Halafu Mama Saroeun, polepole, akakutanisha viganja, akamwinamia mama yake mzazi salamu ya kumpokea mgeni, akamwamuru Chanthou alete chai. Chanthou alileta.

Bibi Pok alikunywa bila haraka, akasifu majani. Kisha akasema kwamba ana kijana wake, huyu hapa, aliyelelewa na watawa, kwa hiyo hajui kuiba. Asiyejua kuogelea, kwa hiyo hatakimbia. Mwenye kazi inayomfanya angoje mwaka kwa jambo moja na akalitupa kwa ajili ya meza ya sadaka ya mtu mwingine. Ameona ua katika nyumba hii. Amekuja kuuliza kama ua lina mwenyewe.

"Wazee wa Heng wanakuja kesho," Mama alisema.

"Sijasikia kwamba umewapa neno."

"Sijawapa."

"Basi wakija watakuta nyumba imehama. Hilo nalo litakuwa jibu."

Mama karibu acheke, akajizuia, na katika kujizuia ndipo lile lililokuwa chini likapanda juu. Alizungumza na kikombe chake. Alisema Heng ni mtu wa majini, atakaa hapahapa. Alisema binti wa kwanza, Phalla, aliolewa na mtu wa nchi kavu, akapanda ile ngazi ya bandarini, na tangu siku ile yeye anamsikia tu kwenye simu. "Huyu naye atamchukua," alisema. "Mtampandisha ngazi ileile. Mimi nitabaki na kuku."

Si zamu ya mposaji kusema, na Vireak aliijua adabu hiyo sasa. Alimeza pepeta ya mwisho kwa taabu, akamwinamia Bibi kuomba ruhusa. Bibi akampa kwa nyusi.

"Simchukui, Shangazi," alisema. "Nichukueni mimi."

Aliongeza, akikuna kidevu, kwamba bwana harusi kuhamia kwa wazazi wa mke ni mila ya zamani kuliko yeye. Kwamba duka la picha linaweza kuelea. Na kwamba kuogelea atajifunza, akipewa muda na akiondolewa ruba.

Mama Saroeun alinyoosha mkono akataka kuona ile kamera. Chanthou akamwonyesha. Kwenye kioo kidogo kulikuwa na mwezi wenye uso wake wote, na mwezi wa chini uliotulia kama sahani, na katikati ya ile miwili kichwa cha mtu kimetoka majini na kilemba cha magugu. Mama alitazama kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na mshumaa.

"Kama kambale," alisema.

"Kambale hakai akangoja," Bibi alisema.

Mama akarudisha kamera. Alimmiminia Vireak chai kwa mkono wake, ikajaa mpaka ukingoni.

"Mama mgeni," alimwambia Bibi Pok, maana jibu hupewa aliyetumwa, "mwambie kijana wako kamba ya upande wa kusini imeoza. Kesho kabla ya kifungua kinywa aibadilishe, halafu wazee wa Heng wakishakata tamaa aturudishe nyumbani. Na taratibu zaidi ya leo, kuku wangu hawajazoea."

Bibi alianza kutafuna tena. Vireak aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na alipoinuka macho yake yalimtafuta Chanthou, yakampata, na safari hii hayakuwa na swali.

Mwezi ulikuwa umekwisha kuyaacha maji. Chanthou aligeuka, akakutanisha viganja, kwa sababu mwaka wote alikuwa amejiwekea maombi ya usiku huu, marefu, yamepangika. Alilitafuta la kwanza, hakuliona. Akalitafuta la pili. Nyuma yake mama yake alikuwa akimuuliza Vireak kama anakula samaki wa kuchachushwa, na Vireak akijibu kwa tahadhari. Chanthou aliacha kutafuta. Alishukuru tu, akashukuru tena, mpaka mikono ikachoka.